Bi Digidigi na Ua wa Wajuzi

Kaeni basi! Wewe, mwachie mwenzio mkeka. Nina maharage motoni, kwa hiyo leo nasimulia mbio mbio, na atakayenikatiza atajijua mwenyewe.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na nyumba, majiko na majirani wa kugombana nao, kulikuwa na ua mkubwa wa miiba. Humo ndimo wajuzi walimokutana kila siku: Tembo mwenyekiti, Nyani mjuaji, Fisi na wengineo. Paa linavuja? Waliulizana humo. Mbu wamezidi? Humo humo.

Lakini huingii mpaka uandikishwe. Na kuandikishwa kwenyewe kulikuwa hivi: langoni palikuwa na udongo laini. Unakanyaga, unaacha alama ya mguu wako, kisha unataja kwa sauti kichaka unamolala. Basi, umekuwa mwanachama.

Siku hiyo Bi Digidigi akaja mbio, trip trip trip! Mnamjua digidigi? Swala mdogo kabisa, miguu kama vijiti vya mishikaki. Mwanawe Kidoto alikuwa amekula majani machanga ya mtama, tumbo limemvimba ndi, na pumzi inapanda kwa tabu. Amemwacha na baba yake, ambaye alikuwa analia tu. Na habari zilikuwa zimezagaa kwamba mtoto wa Tembo aliugua hivyo hivyo juzi, akapona kwa dawa iliyotajwa humo uani.

Langoni alisimama Kifaru.

"Hodi! Shikamoo, baba Kifaru."

"Marahaba. Umeandikishwa?"

"Bado, baba. Nataka kusikiliza tu. Sitasema neno. Mwanangu anakufa!"

"Pole sana. Kanyaga hapa, taja kichaka chako, uingie."

Bi Digidigi akainua mguu. Aa! Nani yule kainama pale, pua chini, nf nf nf? Fisi! Ananusa alama moja moja huku mate yanamchuruzika.

"Baba, na huyo anafanya nini?"

"Anasoma orodha. Ni mwanachama, ana haki yake."

"Na Pimbi aliyeandikishwa wiki iliyopita yuko wapi?"

Kifaru akakuna shavu. "Kwa kweli hajaonekana tena. Pengine amehama."

"Amehama!" Bi Digidigi akarudisha mguu upesi. "Amehamia tumboni, baba!"

"Usilete maneno. Tukimwacha asiyejulikana asikilize, adui naye atatusikia."

"Adui mmemtandikia mkeka, mimi ndiye mnanifungia nje?"

"Utaratibu ni utaratibu," akasema Kifaru.

Bi Digidigi akauzunguka ua mara ya kwanza. Akauzunguka mara ya pili. Miiba imeshonana, hata panya hapenyi, na maneno ya ndani hayasikiki ila mtu akipiga kelele. Jua linapanda. Afanyeje? Akanyage ule udongo? Mtoto apone leo, kesho Fisi aje kumpigia hodi? Akaenda mbele, akarudi nyuma, roho haitulii.

Mara akamsikia Nyani ndani: "Si kweli! Si kweli hata kidogo!" Na mwingine akamrukia Nyani: "Wewe ndiye umekosea!"

Bi Digidigi akasimama wima. Kumbe! Wajuzi hawa wana ugonjwa wao. Njaa wataivumilia, kiu wataivumilia, lakini kosa la mwenzao hawaliwezi.

Akaruka juu ya jiwe, akapaza sauti. "Jamani majirani! Dawa ya tumbo la mtama nimeijua! Mgonjwa alazwe chali, anyweshwe maji mtungi mzima!"

Nyani akapiga kelele kule ndani. "Maji? Nani huyo? Atampasua mtoto wa watu! Maji hapana! Alambe udongo wa kichuguu!"

"Enhe, wa kichuguu!" akajibu Bi Digidigi. "Kile chekundu cha njia panda!"

"Chekundu?" Sasa alikuwa Tembo mwenyewe, ardhi ikatetemeka. "Cheupe! Kile cha kando ya mto, chini ya mkwaju! Nimekichimba kwa pembe zangu hizi!"

Bi Digidigi akalamba midomo. Bado kipimo. Udongo ukizidi, nao unaua.

Lakini Fisi alikuwa ameshasimamisha masikio. "Nyamazeni, wapumbavu! Hamwoni mnachotwa maneno? Huyo hana hata alama hapa!"

Tembo akamziba Nyani mdomo kwa mkonga, pwa! Ua mzima ukanyamaza.

Wanangu, hapo Bi Digidigi aliogopa kweli. Akasema kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, "Ahsanteni! Nimeshasikia! Nyani mjuzi anasema mtoto apewe pakacha zima, halafu alale usingizi!"

Nyani akarukaruka, mm! mm! mm! Macho yamemtoka, mkonga hauachii. Bi Digidigi akangoja. Akangoja tena.

Na pale langoni, Kifaru alikuwa anatetemeka mwili mzima. Anakaza meno. Anatazama juu. Anatazama chini. Wapi!

"Uongo!" akalipuka. "Ujazo wa ukwato mmoja wa mgonjwa! Mmoja tu! Na asilale, akimbizwe mpaka apige mbweu! Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu!"

Kisha akajiziba mdomo.

"Ahsante, baba Kifaru!" Na trip trip trip, huyoo, mtoni.

Kidoto akalamba udongo, akakunja uso.

"Haya, kimbia!"

"Siwezi, mama."

"Kimbia, nasema!"

Akamsukuma kwa pua. Wakaizunguka nyumba mara tatu, mara nne, baba mtu nyuma yao na kilio chake. Mara, bwaaaa! Kidoto akapiga mbweu moja ndefu, kuku wa jirani wakatawanyika. Tumbo likanywea.

"Mama, nina njaa," akasema.

Bi Digidigi akakaa chini akalia, maana tangu asubuhi hakupata nafasi ya kulia.

Huko uani kulikuwa na vurugu. "Nani amemwambia?" akauliza Tembo. Kila mmoja akatazama miguu yake.

"Tuongeze miiba!" akafoka Fisi. "Asiyeacha alama asisikie hata tukipiga chafya!"

"Mtoto amepona?" Tembo akauliza.

"Amepona," akasema Kifaru kwa aibu. "Mbweu yake nimeisikia mpaka hapa."

"Na sisi dawa imetupungukia?"

Fisi akahangaika, mara huku, mara kule. "Lakini mwenyekiti, wakisikiliza bila kuandikishwa, tutajuaje wanalala wapi?"

Tembo akamgeukia polepole. "Na wewe, wanakolala unakutakia nini?"

Fisi akacheka, hi hi hi. Hakuna aliyecheka naye. Nyani alikuwa anautazama ule udongo wa langoni, pale ilipo alama ndogo ya Pimbi.

Siku ile ile miiba ya upande mmoja ikakatwa, na udongo ukafutwa. Wadogo wakaja wakakaa nje, wakasikiliza, wakaenda zao, wala hakuna aliyewauliza wanalala wapi.

Anayesikiliza tu haibi kitu, wanangu. Jihadharini na anayetaka kujua mnalala wapi.