Iliki ya Nakiete

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa kibonde kisichoona jua, na mwanamke aliyekataa kukikimbia.

Basi sogeeni. Na wewe unayesinzia huko nyuma, fumbua macho.

Hapo kale, milimani kwenye ukungu, palikuwa na mjane akiitwa Nakiete. Mumewe alipofariki, shemeji zake waligawana mashamba yote ya jua, yeye wakamwachia kibonde chini ya miti mikubwa. Kajiru, mkubwa wao, akamwambia, "Shemeji, desturi unaijua. Kwenye karamu ya mavuno, kila mwenye shamba huleta alichovuna. Ukija mikono mitupu mara tatu, shamba litarudi kwenye ukoo, nawe utarudi kwenu."

Nakiete hakuwa na kwao pa kurudi. Wazazi wake walikwisha kufa, na mumewe alizikwa kibondeni mle mle.

Mahindi hayakukubali pale, wala maharage. Akaenda msituni, akachimba machipukizi ya iliki, akayapanda. Kisha akakwea mti, akakata matawi ili jua liingie, maana nani asiyejua kwamba mmea hutaka jua?

Jua likaingia. Majani yakababuka. Konokono akachungulia chini ya jani, akaimba:

"Nakiete, taratibu,
iliki si mahindi,
iache kivulini."

Siku ya karamu akaenda mikono mitupu. Kajiru akasema, "Moja."

Mwaka wa pili akahamishia machipukizi yaliyopona chini ya mti ambao hakuukata. Ee bwana, yakastawi, yakampita kimo! Nakiete akafurahi, akayatunza alivyofundwa na mama yake. Kijiji kile mwanamke alijulikana kwa usafi wa kwake. Jani likilala chini mpaka mchana, ni aibu. Basi kila alfajiri alifagia chini ya iliki, fya fya fya, mpaka udongo ukang'aa. Halafu anatazama juu, anatafuta tunda. Hakuna.

Siku ya karamu akaenda mikono mitupu. Kajiru akasema, "Mbili."

Mwaka wa tatu, alfajiri moja, Konokono akajilaza mbele ya ufagio.

"Nipishe, Konokono."

"Sikupishi."

"Nipishe, nitakufagia."

"Nifagie, lakini kwanza inama."

Nakiete akainama. Akaona vikonyo vyembamba vimetambaa juu ya udongo, vina maua meupe yenye mstari wa zambarau, mengine yamekwisha kukatwa na ufagio.

"Wewe unatafuta juu," Konokono akasema, "na iliki huchanua chini, shinani. Kila siku unafagia mavuno yako, unayatupa jalalani."

Nakiete akaketi papo hapo, akalia kwa uchungu. Alipomaliza kulia, akauvunja ufagio.

Majani yakaanguka, akayaacha. Yakaoza, akayaacha. Wanawake wakipita wanasema, "Nakiete siku hizi mvivu, kwake jalala tupu." Maneno yale yalimchoma kweli, hata akatamani kuazima ufagio wa jirani. Konokono akaimba, nanyi itikieni:

"Nakiete, taratibu,
iliki si mahindi,
iache kivulini."

Nyuki wakaja. Maua yakawa matunda, matunda yakajaa.

Siku ya karamu, Kajiru alikuwa amekwisha kufungua mdomo aseme, "Tatu." Mdomo ukabaki wazi, kwa sababu harufu ilitangulia. Nyuma yake akaja Nakiete na kapu kichwani, hatazami chini. Akatwanga iliki, akaitia kwenye uji wa karamu. Wazee wakanywa, wakarudisha vibuyu vijazwe tena. Wanawake wakapiga vigelegele, na waliomsema walipiga kwa nguvu zaidi.

Mzee wa ukoo akasema, "Kibonde ni chake, mtu asimguse."

Kajiru akamsogelea polepole. "Shemeji, nigawie machipukizi nikapande kwangu."

"Shemeji, kwako kuna jua tupu, yatakufa. Ukitaka iliki, njoo uniombe nafasi kivulini kwangu."

Na Kajiru akaomba, tena mbele ya watu wote.

Funzo ni hili: kabla hujautunza mmea upendavyo wewe, jua kwanza wenyewe unapenda nini, na usimcheke aliyepewa shamba baya mpaka uonje uji wake.

Hadithi imefika kwake, nami nimefika kwangu. Karamuni nilikuwepo, nikapewa kibuyu changu cha uji. Ni wa moto mno, mpaka leo naupuliza.