Bata Aliyeombwa na Marehemu

Baridi ya mwaka ule iliingia kwa kishindo, ikawafungia watu majumbani kama kuku bandani. Katika nyumba ndogo nyuma ya kiwanda cha matofali waliishi mshonaji, mumewe mpiga chapa, na baba yake mshonaji, mzee aliyefiwa na mkewe. Upepo ulipenya kwenye matundu ya hewa ya jikoni ukilia kama kichanga. Mpiga chapa alichoka kuusikia. Akayashindilia matambara matundu yale, akawasha hita ya gesi, na jikoni pakawa na joto tamu. Wote watatu wakahamia humo, mchana kutwa.

Tangu hapo nyumba ikabadilika. Mshonaji akiinamia cherehani, alisikia nyayo nyuma yake. Akigeuka, hakuna mtu. Mumewe aliona kivuli kikipita ukutani pasipo mwenye kivuli. Vichwa viliwagonga kama ngoma. Hawakuambiana lolote, kila mmoja alikufa na tai yake shingoni. Hata siku moja mshonaji akamkuta mzee akizungumza na kiti kitupu.

"Unaongea na nani, baba?"

"Na mama yako," mzee akajibu kwa utulivu. "Ana hamu ya bata. Yule wa Kichina tuliyemla siku niliyomposa, mwenye ngozi kavu inayolia mdomoni. Unamfunga kwenye vichapati vyembamba, na sosi nyeusi."

Mshonaji alihisi nywele zikimsimama. Lakini baba yake alikuwa amekonda kama ng'onda, na hilo lilikuwa ombi lake la kwanza tangu baridi ianze. Akaazimia kumtimizia.

Bata hakumsumbua. Sosi pia aliipata katika duka la vyakula vya mbali: nzito, tamu, nyeusi kama lami, na nyingine ya matunda yenye uchachu. Vichapati ndivyo vilivyomtoa jasho. Alizunguka duka hadi duka akioneshwa mikate na tambi, akarudi mikono mitupu pale alipoipata sosi.

"Waliokuwa wakileta wameacha," mwenye duka akamwambia. "Muulize huyu."

Alimwelekeza kwa mwanamke mnene aliyekuwa akichagua tangawizi, mpishi wa mkahawa wa Kichina uliokwisha fungwa.

"Vichapati hivyo havinunuliwi, dada, vinasukumwa," mpishi alisema. "Donge juu ya donge, mafuta katikati, unasukuma pamoja, vikiiva unaviachanisha. Lakini kukueleza tu ni kumfundisha mtu kuogelea akiwa nchi kavu. Nitakuja Jumapili mchana, tupike wote."

Mpiga chapa aliposikia habari hiyo, uso ukamkunjamana. "Mgeni, katika hali hii? Mzee anaongea na viti. Kesho mtaa mzima utasema tumerogwa."

"Waache waseme," mkewe akajibu. "Baba atakula."

Jumapili mpishi akaja na unga wake kikapuni. Bata alikuwa tayari ndani ya oveni, mafuta yakimchuruzika. Jikoni palikuwa kimya, vioo vya madirisha vimetanda ukungu, na mzee alikuwa akitabasamu peke yake.

"Sogea kidogo, mgeni apite," alikiambia kiti kilichokuwa mbele yake.

Mpishi alisita, kisha akapita. Akakanda, akapaka mafuta, akaanza kusukuma. Hakufika mbali. Mikono ikamlegea, akashika ukingo wa meza.

"Kichwa kinanizunguka, na nimetoka kwangu mzima. Nyie hamsikii kitu?"

"Sisi tumezoea," mshonaji akasema, na maneno hayo yakamtisha yeye mwenyewe.

Mpishi akaitazama hita. Mwali wake haukuwa wa buluu. Ulikuwa wa manjano, tena mlegevu, na ukuta juu yake ulijaa masizi. Akayaona matambara. Akazima hita na oveni.

"Nani ameziba matundu haya?"

"Mimi," mpiga chapa akasema. "Upepo ulikuwa unalia."

"Heri ulie upepo kuliko mlie nyinyi. Mtoeni mzee nje, upesi."

Wakageuka. Kidevu cha mzee kilikuwa kimeangukia kifuani, na alipoitwa hakuitika. Mkwewe alimbeba hadi uani, akamlaza akiwa mzito kama gogo. Mshonaji alimsugua viganja akimwita, akimwita tena, mpaka mzee akakohoa na kufumbua macho.

Hospitalini wote walivalishwa barakoa za hewa. Daktari aliwaeleza kwamba hita iliyokosa hewa hutoa sumu isiyoonekana wala kunuka. Humuumiza mtu kichwa, humwonesha visivyokuwapo, kisha humlaza usingizi asioamka.

Mzee alipopata nafuu, matundu yakiwa wazi na hita imeondolewa, mpishi alirudi kumalizia kazi yake. Nyayo hazikusikika tena. Mzee alipaka sosi kwenye kichapati, akapanga nyama na vitunguu vya majani, kisha akatulia bila kula.

"Haji tena," alisema.

"Hapana, baba."

"Lakini ndiye aliyeomba bata. Bila bata, mpishi huyu angetujuaje?"

Nje upepo ulilia, na safari hii hakuna aliyeunyamazisha. Mpiga chapa akaisogeza sahani mbele ya mwanamke ambaye hakutaka avuke kizingiti chake.

"Anza wewe, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Sasa nimeujua ukweli wa usemi huu: mgeni njoo, mwenyeji apone."