Sekunde Arobaini za Akiba

Nani humu ndani aliwahi kuvaa mashine ya CD kiunoni? Inueni mikono, msione haya. Haya, wazee wa kanisa wote nimewaona, na yule mama wa kwaya anajifanya hakusikia. Nyie vijana wa simu tulieni, leo habari itaanza kwa wenzenu.

Kulikuwa na seremala mmoja aliyependa muziki kuliko chakula. Ujanani alinunua mashine yake ya kwanza, ile ya duara, betri mbili, waya masikioni. Jamani, mashine zile zilikuwa zinadeka! Ukikohoa, wimbo unaruka. Ukipiga hatua, neno moja linajirudia mpaka unaona aibu. Basi bwana yule akawa anatembea kama mtu aliyebeba bakuli la supu ya moto, na mchumba wake, mwimbaji wa kwaya, akimcheka barabara nzima.

Wakaoana, wakapata binti. Zikatoka mashine zilizovumilia mtikisiko kidogo, akanunua. Zikatoka zinazovumilia zaidi, akanunua na hizo. Mkewe alinuna, kisha akasamehe, maana kwa mashine hizo walisikiliza CD ya kwaya yao, na katika wimbo wa mwisho sauti ya juu ilikuwa yake mwenyewe, akiwabariki watoto wanaoondoka nyumbani. Halafu mama yule akaugua, akafariki. Sauti yake ikabaki kwenye ile CD moja tu.

Sasa binti anaolewa. Kwao ilikuwa desturi bibi harusi kutoka kwa baba yake kwa miguu mpaka kanisani, akitembea kwa wimbo. Wimbo ukikatika, hapigi hatua, na mashangazi hawana mchezo na jambo hilo. Anayeimbisha ni mama. Binti akamwambia baba yake kwamba hataki mtu wa kushika nafasi ile. Alitaka kusindikizwa na mama yake.

Mnamsikia huyo binti? Baba akaenda mjini siku hiyohiyo kutafuta mashine bora kuliko zote. Muuza duka akatoa moja nyembamba, akaitikisa, akaigonga mezani, na wimbo ukaendelea bila kushtuka.

"Mzee," akasema, "hii hata ukicheza nayo haikatiki. Ina sekunde arobaini za akiba."

Mzee alifurahi kupita kiasi. Akachukua na spika mbili ndogo za betri, akarudi nyumbani.

Siku ya siku ikafika. Mzee yuko mbele, mashine kifuani, spika mabegani. Akabonyeza. Sauti ya mkewe ikatoka, ikapaa juu ya njia nzima! Mashangazi vigelegele, majirani machozi, na mzee mwenyewe akaanza kucheza. Akaruka kushoto, akaruka kulia, akazunguka, mashine inarukaruka kifuani na wimbo unakwenda safi kabisa. Alipoona inawezekana, akazidisha.

Mara, kimya. Katikati ya baraka!

Bibi harusi akasimama, mguu mmoja mbele. Mashangazi wote wakamgeukia mzee. Akabonyeza, akaigonga, akaitikisa kwa nguvu zaidi. Hakuna kitu. Akaanza kulia, akisema sauti ya mkewe imekufa mara ya pili, tena mikononi mwake.

Ndugu zangu, mashine ilikuwa nzima. Mnajua ilivyofanya kazi? Ikitulia, inausoma wimbo mbele kidogo na kujiwekea. Ukiitikisa, inashindwa kusoma, inakupa kile ilichojiwekea. Kwa hiyo mzee alipokuwa akiruka, ile CD ilikuwa haisomwi hata neno moja. Alikuwa anakula akiba! Na sikio lake lisingeweza kumwambia, kwa sababu wimbo wa akiba na wimbo unaosomwa zinasikika sawasawa.

Binti akaachia mkono wa shangazi, akapiga hatua bila wimbo, mbele ya macho yao wote, mpaka kwa baba yake. Akaweka kiganja juu ya mashine.

"Baba," akasema, "tulia kidogo. Mpe mama nafasi."

Mzee akatulia. Akashusha pumzi. Wote wakasubiri pale njiani, hata watoto wakanyamaza. Ndani ya mashine CD ikasikika ikizunguka, kisha mama akaendelea palepale alipoachia, akambariki mwanawe mpaka mwisho.

Sasa tuambiane ukweli sisi kwa sisi. Ni wangapi asubuhi hii tunaimba kwa akiba? Tunaomba kwa maneno ya bibi zetu. Tunakimbia kamati hii, semina ile, mkesha huu, na watu wanasema tumewaka moto. Wimbo unasikika, kweli! Lakini ni lini mara ya mwisho ulikaa ukasikia neno ambalo hukuwa nalo jana? Na sauti inapokatika, tunafanya nini? Tunajitikisa zaidi. Tunaongeza ibada, tunaongeza spika.

Habari njema, wapendwa, na mimi nashindwa hata kusimama vizuri kwa furaha: sauti haijafa! Mungu hajafika mwisho wa alichotaka kukuambia. Amekusubiri palepale ulipoacha kusikiliza.

Najua ratiba inasema sasa ni kwaya ya vijana. Wanangu, kaeni. Mpiga kinanda, ondoa mikono. Hata mimi nanyamaza. Tutulie.