Chande Aliyeshikwa na Mabibo

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa huko nyuma, mbona sauti zimewakauka? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Watoto kaeni mbele. Wazazi msiende mbali, hii ni yenu pia.

Hapo zamani za kale, kwenye mwamba mkubwa uliosimama peke yake, waliishi pimbi. Mnamjua pimbi: mfupi, mnene, mkia hana. Kila asubuhi pimbi walitoka kwenye nyufa zao, wakajilaza juani, tuli, tuli, tuli. Na kila asubuhi mmoja wao alisimama juu kabisa kulinda, maana angani kuna tai. Mlinzi akimwona tai hupiga ukelele, "Kwii!" Na pimbi wote, purrr, nyufani.

Mlinzi hodari kuliko wote alikuwa Chande. Alikuwa kijana mkubwa, ana ufa wake mwenyewe, jirani na wazazi wake, Mzee Mtepa na Bi Sikudhani. Tai angali nukta tu mawinguni, Chande ameshamwona. Wazazi wake walipita wakiamkiwa kwa heshima.

Sasa chini ya mwamba palikuwa na mkorosho. Mabibo yalianguka, pu, pu, pu. Ngedere aliyekaa mtini hapo akayaokota, akayakamua kwenye shimo la jiwe, akayaacha yachache. Yakawa uraka, pombe kali inayotoa povu. Siku moja Chande alishuka, akaonja. Akacheka sana siku ile. Kesho yake akashuka tena. Keshokutwa tena. Mwanzo alikunywa ili acheke. Baadaye alikunywa ili asitetemeke.

Msiniulize kwa nini yeye na si mwingine. Mama yake alijiuliza hilo mpaka akakonda, jibu hakulipata.

Nyumbani kukawa na maneno.

"Wewe ndiye uliyemdekeza," alisema Mzee Mtepa.

"Na wewe ndiye uliyemkaripia mpaka akaona afadhali kwa Ngedere," alisema Bi Sikudhani.

Basi kila mmoja akashika njia yake. Baba alishuka na fimbo, akafoka, akarudi peke yake. Mama alishuka na kuyu, tunda za mkuyu alizoweka akiba, akamwachia mwanawe ale. Chande hakula. Alimpa Ngedere kuyu zile, Ngedere akamjazia uraka.

Majirani wakiuliza, "Chande yuko wapi?" Bi Sikudhani alijibu, "Ana homa."

Kesho, "Chande yuko wapi?" "Homa haijamwachia."

Na zamu ya ulinzi? Mzee Mtepa alipanda mwenyewe. Alisema, "Kijana kaniomba nimshikie." Macho yake yalikuwa ya kizee, yanatoa machozi jua likiyapiga. Lakini aliogopa aibu kuliko alivyomwogopa tai. Maana alishasikia minong'ono: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali ile ilimchoma kama mwiba.

Asubuhi moja tai alikuja kutoka upande wa jua. Mzee Mtepa hakumwona. Vuuu! Kivuli kilikuwa kimeshafika. Kitoto cha jirani yao aitwaye Bi Zaituni kilikuwa kinacheza mbali na ufa. Bi Sikudhani akaruka, akakisukuma ndani. Kucha za tai zikampasua mgongo yeye. Akajiviringisha, akadondokea kwenye ufa, akapona. Lakini damu ilitapakaa mwambani.

Pimbi wote walikusanyika. Wakamtazama mlinzi. Mzee Mtepa alishuka polepole. Akasimama mbele yao.

"Ndugu zangu," alisema, "mwanangu hana homa. Mwanangu ameshikwa na uraka. Nimewaficha msimu mzima. Nimesimama pale juu nikijua sioni vizuri. Leo nusura mtoto wa watu afe kwa ajili ya aibu yangu."

Alingoja wamcheke. Alingoja wamfukuze.

Bi Zaituni alimkabidhi mwanawe kwa jirani, akaja karibu.

"Mzee Mtepa, nimekasirika," alisema. "Sitakuficha. Lakini sisi tulijua. Tulinong'ona pembeni, badala ya kuja mlangoni kwako. Kaka yangu alikwenda njia hiyohiyo. Sisi tulisema hatuna ndugu mlevi. Akafa peke yake kule chini, hata kumzika hatukumzika. Nenda kamwone mwanao. Zamu tutaishika sisi."

Basi wale wazee wakashuka. Safari hii walishuka pamoja. Baba hakuchukua fimbo. Mama hakuchukua kuyu.

Walimkuta Chande chini ya mkorosho, manyoya yamegandamana, midomo imekauka. Alifumbua macho.

"Mama, mgongo umefanya nini?"

"Tai."

"Nani alikuwa zamu?"

"Mimi," alisema baba yake.

Chande akafunika uso. Akalia. "Nitaacha, baba. Kesho nitaacha."

Mzee Mtepa akaketi kwenye majani makavu kando yake. Alikuwa hajaketi karibu na mwanawe siku nyingi.

"Mwanangu, kesho siwezi kukulazimisha. Nilijaribu kwa fimbo, nikashindwa. Ila mimi na mama yako tumekubaliana. Hatutasema tena una homa. Sitasimama tena mahali pako. Chakula cha kumpa Ngedere hakitatoka kwetu."

"Mnanitupa," alisema Chande.

"Hatukutupi," alisema Bi Sikudhani. Akamlamba paji la uso, kama alivyomfanyia alipokuwa mchanga. "Ukitaka kuja nyumbani, njoo. Njoo unatetemeka, njoo unanuka, njoo hivyohivyo. Tutakulalia pande zote mbili upate joto. Lakini kupanda, utapanda kwa miguu yako."

Wakangoja. Chande hakuinuka. Wakapanda wenyewe, wanalia, na kule kupanda kulikuwa kugumu kuliko siku zote.

Siku ya kwanza hakuja. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu, jua limeshapanda, wakasikia kucha juu ya jiwe, kwaru, kwaru, kwaru. Alikuwa Chande. Alitetemeka mpaka meno yakagongana. Mama akamlalia kulia, baba kushoto. Bi Zaituni akaleta majani machanga, kesho mwingine akaleta maji. Alitapika, akatukana, akaomba radhi. Hawakumwacha.

Je, alipona siku hiyo? La. Alishuka tena, mara mbili. Mara ya pili jirani aliuliza, "Chande yuko wapi?" Bi Sikudhani akafungua mdomo. "Ana ho..." Akalimeza neno, akasema, "Ameteleza. Yuko kwa Ngedere."

"Basi ngoja nikusindikize," alisema jirani. Wakaenda wawili.

Msimu ukapita, na mwingine. Chande akaanza kushika zamu tena, ila si peke yake. Baba yake aliketi naye pale juu. Asubuhi moja upepo ulipanda kutoka bondeni, umebeba harufu ya mabibo. Mzee Mtepa akaona macho ya mwanawe yanaacha mbingu, yanashuka, yanashuka, mpaka kwenye mkorosho. Hakufoka. Hakumshika.

"Chande," aliita kwa upole.

Chande akavuta pumzi.

"Naam, baba," alisema. Akainua macho, akatazama angani.

Mafunzo yake ni haya. Mtoto akishikwa na ulevi, hata akiwa mtu mzima, usimfiche na usimtupe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sema ukweli, waite wenzako, na mlango wako uache wazi. Na wewe jirani, usimchome mzazi kwa methali, msindikize.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye mtoto aliye mbali, akamwite kwa jina lake.