Kwa Nini Mbuzi Hufumbwa Mdomo Penye Rundo la Kirindo

Zamani, kabla barabara haijapasua milima ya Taita, pale Kirindo hapakuwa na rundo la mawe wala lile bango la saruji mnaloliona leo. Palikuwa na njia mbili za miguu, zimefanana kama mapacha. Moja ilishuka chemchemini. Ya pili ilikwenda kupotelea nyikani, kwenye kisima kilichokauka. Basi aliyetangulia alivunja tawi bichi akalilaza juu ya njia mbaya, na aliyefuata akilikuta alijua kwamba hapo pamefungwa. Mawe hawakuyatumia. Jiwe la kuwekwa kwa mkono lilikuwa la kaburini tu.

Kiangazi kimoja Mghoi alikuwa akishuka sokoni, anamvuta mbuzi wa kuuza. Nyuma yake alijikongoja wifi yake Wakesho, mke wa kaka yake, mjamzito, na mtungi wa kuuza kichwani.

"Wifi, kwa mwendo huo tutakuta soko limeshafagiliwa," Mghoi alimtania.

"Tangulia. Wewe umeshika kamba, mimi nimebeba mtu."

"Haya. Kirindo nitakuzibia njia. Tukutane chemchemini."

Maji yalikuwa yamewaishia, kwa hiyo Mghoi alichukua kibuyu kitupu, akakaza mwendo. Kirindo palikuwa na mti wa maua mekundu, wa pekee katika mteremko ule. Alivunja tawi lake, akalilaza penye njia mbaya, akashika njia yake. Nyuma ya mgongo alimsikia mbuzi akitafuna. Hakugeuka. Mbuzi gani hatafuni?

Chemchemini mbuzi aliinamisha kichwa anywe, na kutoka kwenye ndevu zake likadondoka ua jekundu, likaelea juu ya maji.

Mghoi alilitazama. "Ee Mola wangu," alisema.

Alimfunga mbuzi, akajaza kibuyu, akaupanda mlima mbio juani. Kirindo alikuta njia zote mbili wazi, na nyayo za Wakesho zimeingia ile mbaya. Akazifuata huku akimwomba Mungu, na huku huku akitengeneza maneno ya kujitetea. Atasema ni upepo. Lakini siku ile hata unyasi haukutikisika, na Mungu aliyekuwa akiombwa alikuwa akiliona hilo.

Alimkuta Wakesho amekaa chini ya kichaka cha miiba, midomo imepasuka, mkono tumboni. Mtungi alikuwa ameuweka kando taratibu, usivunjike. Mghoi akamnywesha kidogo kidogo mpaka macho yakarudi.

"Ulisahau kuziba?" Wakesho aliuliza.

Upepo ulikuwa tayari ulimini. Mghoi akaumeza.

"Niliziba, wifi. Mbuzi wangu kalila tawi. Nilimsikia akitafuna, nikaona uvivu kugeuka."

Wakesho akashtuka, akajishika ubavu.

"Mtoto kacheza. Amekusikia. Anasema shangazi yake ana akili za mbuzi."

Wakacheka wakilia, wakasaidiana kurudi. Walipofika Kirindo, Wakesho aliinama kwa taabu, akaokota jiwe, akaliweka kwenye mdomo wa njia mbaya.

"Hili na alile."

Mghoi aliogopa. "Jiwe, wifi? Kama kaburini?"

"Kaburi lilikuwa langu, na Mungu amelikataa. Acha jiwe lifanye kazi nyingine."

Mghoi akaokota la pili, akaliweka juu ya lile la kwanza. Wakamshukuru Mungu wakiwa wamesimama, kisha wakashuka kwenye maji. Mtoto alizaliwa salama, nyumbani, mvua za kwanza zikinyesha.

Na tangu siku hiyo, kila apitaye Kirindo huongeza jiwe na kusema asante Mungu, hata matingo wa malori huruka chini wakafanya hivyo. Watu wa barabara walipoleta bango lao, waliandika urefu wa mlima na umbali wa mjini. Mghoi na Wakesho hawakuwaandika, kwa kuwa hakuna aliyewasimulia. Rundo ndilo linalowakumbuka. Na mwenye mbuzi, awe na haraka namna gani, akifika hapo husimama, hugeuka nyuma, akamfumba mbuzi wake mdomo kwa kiganja mpaka wavuke.