Kocha Asiyegusa Mpira

Hapo zamani za kale, zama zile wanyama walipokuwa na nyumba zao zenye milango na kuamkiana asubuhi kwa kuulizana watoto wameamkaje, palikuwa na kijiji kiitwacho Mbigilini. Kilipewa jina hilo kwa ajili ya mbigili, ile miiba ya chini inayokuchoma unyayo hadi ukasahau ulikokuwa unakwenda. Lakini sogeeni karibu, wanangu, maana hadithi hii si ya miiba ya chini. Ni ya miiba ya mgongoni.

Kijijini hapo aliishi Kalunguyeye. Alikuwa mdogo, ungeweza kumtia kwenye sufuria ya uji na kifuniko kikafunga, na mgongo wake wote ulijaa miiba. Kazi yake ilikuwa kuchambua sufi za kujazia magodoro, kwa kuwa ile miiba ilichambua vizuri kuliko kitana chochote. Aliifanya kazi hiyo kwa mikono na mgongo. Moyo wake ulikuwa kwenye mpira.

Na mpira wenyewe alikuwa ameugusa mara moja tu maishani. Alipokuwa mtoto alisimama pembeni mwa uwanja misimu mitatu akingoja kuitwa, na siku moja mwenzao mmoja alipopatwa na surua, wakamwita. Mpira ukaja juu, mzuri, unazunguka polepole. Kalunguyeye akaupokea kwa kifua kama alivyowaona wakubwa wakifanya. Ukateleza begani, ukagusa mgongo.

Pssssss.

Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Waliuokota ule mpira uliolegea kama chapati, wakaenda zao nyumbani bila kumtazama, na hilo ndilo lililomuuma hadi utu uzima. Tangu siku hiyo alitazama mechi akiwa juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya goli la mashariki. Alitazama misimu arobaini. Alimjua anayekimbia kabla ya wakati, na anayefumba macho mpira ukija kichwani. Na kila mpira ulipotoka nje ukabingirika kuelekea kichuguuni, moyo ulimwenda mbio, kisha akainuka akaupisha.

Basi ikatokea timu ya watoto, Chipukizi wa Mbigilini, ikakosa kocha. Mzee Kobe aliyewafundisha miaka yote alikuwa amehamia kwa bintiye, bondeni. Kiboko, mtunza mpira wa kijiji, akajaribu kushika nafasi yake, lakini kila mazoezi yakianza alilala mbele ya goli, na hapakuwa na wa kumsogeza. Watoto wakafungwa mechi saba mfululizo.

Nyati, mwenyekiti wa kijiji, akaitisha mkutano. Akaeleza kwamba anatafutwa mtu wa kujitolea, malipo yake ni asante na maji ya kunywa. Ghafla kila mmoja akakumbuka ana ugonjwa wa magoti. Mkono mmoja tu ulinyooshwa, tena kutoka nyuma kabisa, mfupi kiasi kwamba Nyati alidhani ni jani.

"Wewe?" akasema Nyati. "Kalunguyeye, hapa kwetu hata mbeba maji hula kiapo ameukumbatia mpira. Na mpira tunao mmoja."

Mkutano mzima ukacheka, ha ha ha, hadi vumbi likapanda. Na wanangu, hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Mbigilini: usipoukumbatia mpira mbele ya watu, huna kazi yoyote uwanjani.

Kalunguyeye alikuwa amelitarajia swali hilo kwa siku nne. Hakukasirika. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayewaonea wenzake huruma, akamsogelea Nyati na kumnong'oneza.

"Mwenyekiti, tuseme polepole, asije akasikia mpita njia. Ina maana sisi bado tunamshikisha kocha mpira?"

Nyati akamtupia Kiboko jicho. "Kwani siku hizi haifai?"

"Kule Mtoni Chini waliacha zamani. Kocha akigusa mpira, huko wanamwona mshamba. Mpira hushikwa na mwenyekiti, kwa sababu ndiye mwenye kijiji. Kocha kazi yake ni kusimama pembeni na kusema."

Sasa sikilizeni. Nyati hakuwa amewahi kufika Mtoni Chini. Hakuna yeyote Mbigilini aliyewahi kufika. Lakini Nyati angeweza kuvumilia njaa, kiu na kupe masikioni, asiweze kuvumilia kuitwa mshamba.

Akakohoa. "Nalijua hilo. Nilikuwa nakupima tu."

"Hata mimi nalijua," akasema Kiboko, ambaye hakuwa amesikia lolote.

Basi Nyati akaukumbatia mpira mwenyewe, kifua mbele, na Kalunguyeye akala kiapo akiwa hatua tatu pembeni. Akavalishwa filimbi. Alitembea kwenda nyumbani akiwa mwepesi, anacheka peke yake, hadi alipofika kwenye mlango wake. Hapo ndipo alipotambua alichokifanya. Alikuwa ameingia uwanjani kwa sharti la kutougusa mpira maisha yake yote, na sharti hilo alikuwa amelitunga kwa mdomo wake mwenyewe.

Kesho yake mazoezi yakaanza. Firiiiii! Kalunguyeye alisimama juu ya jiwe akasema, na wakubwa wakatenda. Nyati alirusha mipira ya pembeni. Kiboko aliufuata mpira vichakani, akitweta, puh, puh, puh, kwa sababu kocha haugusi. Watu walisimama njiani kuwatazama wale vigogo wakitumwa na kiumbe asiyefika hata kwenye magoti yao, nao wakajibu kwa fahari kwamba hayo ndiyo mambo ya kisasa.

Watoto aliwafundisha alichokijua, na alichokijua ni mpira wa mtu asiye na mpira. Aliwafundisha kusimama panapofaa, kuinua uso kabla pasi haijaja, kumkimbilia mwenzao aliyebanwa. Sikuzani, binti wa Swala, alikuwa na mbio lakini alikimbia akitazama kwato zake. Kalunguyeye alimwambia kila siku bila kuchoka: "Mpira upo chini, mwanangu, hautakimbia. Tafuta wenzako." Baada ya miezi miwili Chipukizi wakashinda mechi, kisha nyingine, kisha wakazoea kushinda.

Walimwita kocha. Walikuja nyumbani kwake na maembe mabichi na maswali yasiyoisha. Angepaswa kuridhika, na mchana kweli aliridhika. Lakini jioni, Kiboko alipouchukua mpira kwenda kuulaza kabatini, Kalunguyeye alibaki uwanjani peke yake. Pembezoni mwa uwanja ilikuwepo mindulele, ile mimea yenye matunda ya manjano, ya duara. Alichuma moja, akaliweka chini, akalipiga kwa mguu wake mdogo. Tu. Akalifuata, akalipiga tena, huku akijitangazia kwa sauti ya chini: Kalunguyeye, anampita mmoja, anampita wa pili. Mwishowe aliteleza akaangukia mgongo, na lile tunda likamnasa miibani.

Jioni moja Sikuzani alirudi kuchukua kibuyu chake cha maji alichokisahau. Aliona yote. Alisimama nyuma ya goli, kisha akaondoka kwa kunyatia, na kibuyu akakiacha palepale.

Sifa hazikai mahali pamoja. Zilishuka na mto, na siku moja ukaja ujumbe kwamba timu ya watoto ya Mtoni Chini inaomba mechi. Nyati alifurahi kupita kiasi. Alitaka waje waone kwamba Mbigilini nao wamestaarabika. Kalunguyeye aliposikia, chakula kilimshinda. Hakuogopa kufungwa. Aliogopa kuondolewa kwenye lile jiwe.

Siku ya mechi wageni wakafika wakiimba, na kocha wao alikuwa Nyani, mcheshi, mwenye mikono mirefu. Aliomba mpira aujaribu. Akaupiga danadana kwa goti, kwa kichwa, kwa mkia, tu tu tu tu, watoto wakashangilia. Nyati alitazama akiwa mdomo wazi. Kisha Nyani akamwona mwenzake juu ya jiwe, akatabasamu, akamsukumia mpira kwa wayo, polepole, kama makocha wanavyosalimiana.

Mpira ukaja. Ulikuwa umemwelekea yeye, si mtu mwingine. Miaka arobaini hakuna aliyempa Kalunguyeye pasi, na hii ilikuwa nzuri, ya chini, inabingirika yenyewe hadi miguuni. Hatua tano. Hatua tatu. Alijua akikosea kidogo tu utapasuka, na watoto ishirini na wawili hawatacheza leo. Machozi yakamlengalenga. Akaruka pembeni, akaupisha.

"Vipi, kocha mwenzangu?" akauliza Nyani. "Nimekukosea?"

"Kocha haugusi mpira," Nyati akajibu kwa haraka. "Tunafuata sheria ya kwenu."

"Ya kwetu?" Nyani akacheka. "Mimi nakula nao, nalala nao. Nani kawadanganya?"

Nyati akageuka taratibu. Alikumbuka kila mpira aliourusha, kila kichaka alichomtuma Kiboko, na kila mpita njia aliyemhubiria habari za kisasa. Masikio yakamshuka. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Toka uwanjani mwangu," akasema.

Kalunguyeye akavua filimbi, akaiweka juu ya jiwe. Alipita nyuma ya goli la mashariki, akapanda kile kichuguu chake cha zamani, akakaa palepale palipochimbika kwa kukaliwa.

Nyati akaongoza timu mwenyewe. Alichokijua ni neno moja. "Pigaaa!" akanguruma, na watoto wakapiga, mpira ukaenda moja kwa moja kwa wageni. Kabla ya mapumziko walikuwa wamefungwa matatu. Filimbi ilipolia, Nyati akawaita wamzunguke. Hawakuja. Walimpita mmoja mmoja, wakanyoosha njia hadi kichuguuni, wakakaa chini kumzunguka Kalunguyeye, majasho yakiwatiririka.

Nyati akawafuata akifoka. Sikuzani akasimama mbele yake.

"Mzee Nyati, shikamoo. Ni kweli alikudanganya. Lakini hata yeye aliumia. Kila jioni anacheza na ndulele, peke yake. Mpira umemjia leo mbele yetu sote na ameuacha upite, ili sisi tucheze. Wewe ungeweza?"

Nyati alikuwa bado ameupakata mpira. Akautazama, kisha akamtazama yule kiumbe mdogo juu ya kichuguu, na ikamjia sura ya mtoto mmoja wa zamani sana aliyeachwa katikati ya uwanja na mpira uliolegea ukichukuliwa. Yeye Nyati mwenyewe ndiye aliyekuwa ameubeba siku ile.

"Ulinidanganya," akasema.

"Nilikudanganya, Mwenyekiti. Nisamehe. Sikuona mlango mwingine."

"Hakukuwa na mlango," Nyati akakubali, kwa sauti nzito. "Rudi kwenye jiwe lako. Mpira nitaendelea kuushika mimi. Mikono imeshazoea."

Kipindi cha pili watoto waliinua nyuso, wakatafutana. Wakarudisha moja. Wakarudisha la pili. Dakika ya mwisho Sikuzani akapiga mwamba, kong, mpira ukatoka nje. Walifungwa matatu kwa mawili, na sitawaficha, walilia. Lakini wageni waliwapigia makofi, na Nyani akamwomba Kalunguyeye amfundishe ile namna ya kucheza bila mpira.

Jioni Kalunguyeye alibaki uwanjani kama kawaida. Akainama chini ya mndulele, na alipoinuka alikuta timu nzima imesimama nyuma yake. Sikuzani alikuwa na kitu kwapani. Ulikuwa mpira wa matambara, umefungwa kwa kamba za mgomba, na ndani umejazwa sufi. Walikuwa wameiokota kwenye uga wake mwenyewe, kidogo kidogo, kila walipomletea maembe.

"Huu hauna upepo, kocha," akasema. "Hauna cha kutoka."

Akauweka chini, akampa pasi.

Kalunguyeye hakuupisha. Akautuliza kwa mguu, akasimama nao hapo kwa muda mrefu kidogo. Kisha akakimbia. Alimpita mmoja, akampita wa pili, akajaribu kuupandisha kifuani kama siku ile, ukateleza begani, ukagusa mgongo. Wote wakaziba masikio.

Hakukusikika kitu. Mpira ulikuwa umenasa miibani, umetulia. Watoto wakacheka hadi wakakaa chini, naye akacheka na machozi yakimtoka. Wakataka kuubandua. Akakataa. Alitembea nao mgongoni hivyo hivyo hadi nyumbani, akipita njia ndefu, ile inayopita mbele ya nyumba za watu.

Kwa hiyo, wanangu, mwenzenu anayekipenda kitu kwa dhati msimwache pembeni kwa sababu ya mwili aliozaliwa nao. Mtafutieni mpira anaoweza kuugusa.