Kwale Aliyeacha Mabawa Mtaa wa Taa

Ko!

Mmeisikia?

Tumeisikia!

Paukwa!

Pakawa!

Leteni masikio yote mawili, na la tatu kaazimeni kwa jirani.

Tumeleta! La jirani liko njiani!

Basi hapo zamani za kale, katika nyasi ndefu za mbugani, palikuwa na Kwale na mkewe. Usiku mmoja wakasikia sauti hiyo, ko! Lilikuwa yai likipasuka. Mke alikuwa ametaga mayai kumi na mawili. Nguchiro akala kumi na moja. Likabaki hilo moja, nao wakaliatamia kwa zamu, mmoja akifumba macho, mwenzake akiyafumbua.

Kifaranga akatoka mzima. Lakini Kwale hakushangilia. Alitazama juu, kwenye mgunga mkavu.

Kifaranga wa kwale hukaa nyasini siku tatu. Asubuhi ya nne hutoka uwanjani kudonoa. Na Kipanga naye anajua kuhesabu. Alikuwa juu ya mgunga, kimya, anahesabu.

Mkewe akanong'ona, "Baba Nani, mtoto hana jina."

"Najua, Mama Nani."

"Kipanga akishuka nitamwitaje? Nikisema 'wewe', kila mwenye masikio atadhani anaitwa mwenzake."

Maana mila yao ilikuwa hivi: kifaranga haitiki ila kwa jina, na jina halitoki kwa mama wala kwa baba. Hutoka kwa shangazi. Na jina la mtoto huyu lilikuwa la bibi yake, aliyechukuliwa na Kipanga mchana kweupe wakati Kwale mwenyewe angali ndani ya yai. Tangu siku ile halikutamkwa. Mishi, shangazi wa Kwale, alilifungia moyoni, akahamia nalo mjini.

"Alfajiri naondoka," Kwale akasema.

"Nenda. Fika, pewa, rudi. Usikae."

Akaruka, akatua. Akaruka, akatua. Akaruka, akatua. Jua likizama, akaingia mjini. Siku moja imekwenda, mbili zimebaki.

Mlangoni mwa mji alikutana na Panya mzee, amejitwika mkungu wa ndizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vumbi lako si la hapa. Unamtafuta nani?"

"Shangazi yangu, Mishi."

"Mishi wa uji! Yuko nyuma ya soko la ndizi. Shika kichochoro hiki cha kushoto. Kina giza, kinanuka, lakini hakina mwenyewe. Usipite kulia. Kulia ni Mtaa wa Taa. Huko hata sisi wenyeji hatunywi maji."

Kwale akachungulia kushoto. Giza, na kitu kinachakura. Akachungulia kulia. Taa nyekundu, taa za kijani, taa za njano, na ngoma inalia. Akajisemea, "Penye mwanga nitaona adui akija." Akageuka kulia.

Hatua kumi tu, Fisi akamtokea mlangoni, amevaa shati la vifungo vinavyometameta.

"Karibu, kaka! Karibu, bosi wangu! Karibu, shemeji!"

Hapo Kwale akanaswa, tena na adabu zake mwenyewe. Maana mbugani kwao, ukikaribishwa mara tatu ukakataa, umeitukana nyumba. Na mgeni haulizi chakula ni cha bei gani. Hilo ni tusi la pili.

"Nina haraka, ndugu yangu," akasema.

"Haraka ya nini na togwa liko tayari? Keti!"

Akaketi. Akanywa togwa, kikombe kidogo kama nusu ya ganda la karanga. Akashukuru, akainuka.

Fisi akanyoosha mkono. "Manyoya manne."

"Ya nini?"

"Ya togwa. Mji huu twalipana kwa manyoya, bosi. Na sitaki ya kifuani. Nataka ya bawa."

"Lakini wewe ndiye uliyeniita shemeji!"

"Shemeji zangu wote hulipa," Fisi akasema, akacheka kile kicheko chake, akamng'oa manne.

Kwale akatoka mbio, bawa linamwasha. Hatua kumi, Kima akamdaka.

"Karibu, mjomba! Karibu, mheshimiwa! Karibu, mume wa dada! Aa, nani huyu kakuumiza? Keti upumue, hapa huuziwi kitu."

Akakubali kuketi. Hakuagiza kitu, hakula wala hakunywa. Alipoinuka, Kima alikuwa amesimama mlangoni.

"Manyoya sita."

"Sikula kitu!"

"Kiti manyoya mawili. Ngoma uliyoisikia manyoya mawili. Na hayo mengine ni kwa kunitazama nikiruka."

"Mbona sikukutazama?"

"Macho yalikuwa wazi, mjomba. Usiniharibie biashara."

Akamng'oa sita. Sasa Kwale alijaribu kuruka juu ya ukuta, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka. Akaanza kulia. Anaona nyasi za nyumbani, anaona mgunga, anaona kivuli juu ya mgunga.

Paka akaja taratibu, sauti laini kama mafuta. "Pole, mwanangu. Karibu. Karibu sana. Karibu ndani. Nani unayemtafuta?"

"Shangazi Mishi, muuza uji. Yeye ndiye mwenye jina la mwanangu."

"Mishi! Rafiki yangu huyo! Pumzika hapa, nitamleta mwenyewe mlangoni kwako."

Kwale akangoja. Kukakucha. "Yuko njiani," Paka akasema, akaleta karanga tatu. Jua likapanda. "Amefika kona," akasema, akaleta karanga mbili. Jua likashuka. "Huyu hapa anafunga viatu," akasema, akaleta karanga moja. Siku ya pili ikaisha. Moja imebaki.

Jioni Paka akaingia na kuku mzee aliyejifunga ushungi mpaka machoni.

"Mpwa wangu!" kuku akapiga kelele. "Mimi ndiye shangazi yako! Lete manyoya matano nikupe hilo jina."

Kwale akamtazama. Akasubiri aulizwe njia ilikuwaje. Hakuulizwa. Akasubiri aulizwe nani hajambo na nani mgonjwa nyumbani. Hakuulizwa.

"Wewe si shangazi," akasema. "Shangazi hudai salamu kwanza."

"Salamu utampa baadaye," Paka akasema, na sauti haikuwa tena ya mafuta. "Kwanza karanga sita, na chumba ulichongojea. Manyoya manane."

Akamshika, akang'oa moja, akang'oa la pili, akang'oa mpaka manane yakatimia. Kwale alikuja mjini na manyoya ishirini ya kurukia, kumi kwa kumi. Alitupwa nje na mawili.

Hapo ndipo alipokimbilia kichochoro cha giza. Kikanuka, akapita. Kitu kikachakura, akapita. Kumbe ni fuko anarudi kazini. Mwisho wa kichochoro aliona jiko moja la mkaa, na wachukuzi wa soko wamelizunguka: panya, fuko, punda, wanakunywa uji na kutaniana. Nyuma ya sufuria alisimama kwale mmoja mzee, kajifunga kitambaa kichwani.

"Umekula?" akamuuliza, kabla hata hajamjua. Kisha akamtazama vizuri. "Ee! Si mtoto wa kaka yangu huyu? Njia ilikuwaje? Nani mgonjwa? Na nani kakunyonyoa kama wa kitoweo?"

Kwale akapiga magoti. "Shikamoo, shangazi. Yai limepasuka. Mtoto anatoka uwanjani kesho kutwa alfajiri."

"Na wewe ulikuwa wapi tangu jana?"

"Mtaa wa Taa."

Wachukuzi wakaangua kicheko. Fuko akasema, "Mimi sioni, na bado sijawahi kupotelea kule!"

Shangazi Mishi hakucheka. "Nimeishi mji huu mpaka mdomo umepinda, mguu wangu haujakanyaga pale. Walikukaribisha, siyo? Ukaona haya kukataa. Kunywa uji, upesi."

Akanywa. Shangazi akainama, akaliweka jina sikioni mwake, pole pole, na machozi yakamtiririka mzee wa watu.

"Lisitoke kinywani mwako mpaka umwone mtoto kwa macho. Haya, ruka."

"Siwezi kuruka, shangazi."

Ndipo Punda akaweka chini kibuyu chake. "Mkokoteni wangu unarudi mbugani sasa hivi, hauna mzigo. Lakini mimi siendi mbio, nakwambia mapema. Nina goti."

Wakaenda. Usiku ukaisha, wanaenda. Mchana ukawaka, wanaenda. "Bado?" Kwale akauliza. "Bado," Punda akajibu. "Bado?" "Bado." "Bado?" "Ukiuliza tena nakushusha." Usiku wa tatu ukaingia, gurudumu linalia kwii, kwii, na Kwale amefumba mdomo kwa nguvu, jina lisimponyoke.

Alfajiri ya nne wakaiona mbuga. Wakauona mgunga mkavu.

Juu yake hapakuwa na kitu.

Kwale akatazama angani. Kipanga alikuwa anashuka, mbawa amezikunja, kimya kama jiwe lililorushwa. Na chini yake, katikati ya uwanja mtupu, kifaranga mmoja anadonoa mchwa, hana habari. Mama yake anapiga kelele upande wa pili, "Wewe! Wewe! Wewe!" na mtoto hageuki.

Kwale akaruka kutoka mkokotenini, akaanguka kifudifudi. Hakujaribu tena mabawa. Akatumia miguu. Akakimbia jinsi ambavyo hakuna kwale aliyewahi kukimbia, na ndiyo maana mpaka leo ukimshtua kwale, hukimbia kwanza. Akamwona mtoto kwa macho yake. Akafungua mdomo.

"Sikitu!"

Mtoto akageuka. Miguu ikamchukua yenyewe mpaka chini ya bawa la mama, na makucha ya Kipanga yakashika vumbi.

Basi nanyi mkiingia mji wa watu, msifuate panapong'aa. Ulizeni wanakokula wachukuzi. Anayekukaribisha kwa kweli hukuuliza habari za kwenu. Asiyeuliza, mtazame macho yake: yako kwenye mabawa yako. Na kukataa wito wa namna hiyo si utovu wa adabu.

Nimeutua mzigo wangu. Aliyeshiba akalale, mwenye njaa akamsimulie mwenzake.